Muuguzi Amekwenda Kusoma

Ndugu msomaji, yamkini nawe umewahi kufika kwenye kituo cha afya asubuhi na mapema, mtoto mgongoni na joto lake likikuchoma hata kupitia kanga, ukaambiwa: "Muuguzi hayupo, amekwenda semina." Na yamkini ulisema moyoni, au hata kwa sauti, maneno kama yale niliyoambiwa mimi siku moja niliporudi kutoka Unguja na mkoba wangu begani. Mzee mmoja wa shehia yetu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na mjukuu wake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole uliokuwa na mwiba ndani yake: "Mwanangu, umewazalisha wake zetu na binti zetu hapa kwa miaka ishirini na zaidi. Hivi hiyo skuli yako haiishi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilicheka tu, nikafungua mlango, nikamwita ndani pamoja na mjukuu wake. Mzee yule sasa ametangulia mbele ya haki, nami nimestaafu, nakaa barazani kwangu nikiangalia karafuu zikianikwa kwenye majamvi. Walakini swali lake lingali hai, na naona ni deni. Leo nataka kulilipa, na wewe msomaji uwe shahidi.

Watu wengi hudhani kwamba daktari au muuguzi akishapata cheti chake cha chuo amemaliza, mfano wa mtu aliyekwisha kujenga nyumba na kuiezeka. Sivyo. Cheti kinasema kwamba ulisoma. Leseni ndiyo inayosema kwamba unaruhusiwa kumgusa mgonjwa leo, na leseni ina tarehe yake ya mwisho. Huko Bara, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 iliweka wazi kwamba muuguzi anayetaka leseni yake ihuishwe aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Huku kwetu afya si jambo la Muungano. Tunayo Wizara yetu na mabaraza yetu, lakini mwendo ni huohuo. Kenya nako madaktari hutakiwa kukusanya alama 50 za mafunzo kila mwaka.

Wala jambo hili halikuzuliwa Afrika ili kuwasumbua wauguzi wa vijijini. Jimbo la New Mexico, huko Marekani, lilikuwa la kwanza nchini humo kuwalazimisha madaktari waendelee kusoma ndipo leseni zao zihuishwe, na hiyo ilikuwa 1971. Uingereza ilianza kuwathibitisha upya madaktari wake Desemba 2012, kwa kawaida kila baada ya miaka 5; wauguzi na wakunga wakafuata Aprili 2016, kila baada ya miaka 3, na kila mmoja wao lazima aonyeshe saa zisizopungua 35 za kujifunza.

Kwa nini haya yote? Kwa sababu elimu ya tiba haikai kama jiwe. Huoza kama samaki, na mwenye duka ndiye wa mwisho kuisikia harufu. Nitakupa mifano miwili, yote ya nyumbani.

Nilipomaliza chuo cha wauguzi mnamo 1989, dawa ya malaria ilikuwa klorokwini. Chungu, lakini nilimwona mtoto akiinywa jioni na kucheza asubuhi, nikaiamini kama ninavyoamini kwamba maji hushuka mlima. Miaka ikapita, vijidudu vya malaria vikaizoea, nayo ikawa inashindwa kwa wagonjwa wengi mno. Septemba 2003 Zanzibar iliiacha, ikaleta dawa mseto ya artesuneti na amodiakwini, bila malipo katika vituo vya serikali. Tuliitwa kufundishwa. Nilikwenda, nikasikiliza, nikaandika. Lakini moyo wangu ulibaki na rafiki yangu wa zamani. Nyumbani nilikuwa na kopo la klorokwini. Mtoto wa dada yangu alipopatwa na homa, nilimpa hiyo, mimi mwenyewe niliyetoka kufundishwa kwamba isitumike. Homa ikatulia, na siku ya tatu ikarudi kwa kishindo. Tukamkimbiza hospitali usiku, akapewa dawa mpya, akapona kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Nililitupa lile kopo. Baadaye, vyandarua vyenye dawa vilipogawiwa 2006 na nyumba zikapulizwa dawa, malaria Zanzibar ilishuka hadi chini ya mtu 1 katika kila 100 waliopimwa. Laiti kila mmoja wetu angeng'ang'ania alichojifunza chuoni, tusingefika huko.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, na ni wa hapahapa Pemba. Zamani mtoto akipauka tulimpa "dawa ya damu," yaani madini ya chuma. Nani angeweza kusema kwamba ni vibaya? Mtoto hana damu, mpe chuma apate damu. Wataalamu duniani nao walishauri kwamba watoto wadogo katika nchi kama zetu wapewe wote, bila kuchagua. Basi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kushirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyofunguliwa Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, 2000, ulifanyika utafiti mkubwa kisiwani kwetu. Watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, waligawanywa katika makundi: wengine wakapewa chuma na foliki kila siku, wengine kidonge kisichokuwa na dawa. Watu wote walitazamia kuona watoto wa chuma wakinawiri.

Agosti 2003 wasimamizi huru wa utafiti waliamuru chuma kisimamishwe. Waliopewa chuma walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufariki au kulazwa hospitali kwa maradhi makali kuliko wenzao. Mahali penye malaria nyingi namna ile, chuma kwa kila mtoto bila kupima kilikuwa kinadhuru. Matokeo yalichapishwa 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Tena hayakuishia hapo. Ndani ya utafiti uleule ilionekana kwamba watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma, na ambao malaria yao iliangaliwa kwa karibu, walinufaika. Kwa hiyo 2016 Shirika hilo likaelekeza kwamba penye malaria, chuma kiende pamoja na kinga, upimaji na tiba ya malaria. Angalia basi, msomaji: katika muda usiofika miaka 15, jawabu la swali moja dogo, "nimpe mtoto huyu chuma?", lilipinduka na kunyooshwa upya. Na watoto waliofundisha dunia nzima walikuwa watoto wa Pemba. Ingekuwa aibu ya namna gani kama muuguzi wa Pemba ndiye asiyejua!

Hadi hapa pengine unatikisa kichwa kukubali, na kama ningeishia hapa ningekuwa nimemjibu mzee nusu ya jibu. Nusu ya pili inaniuma, lakini bila hiyo ile ya kwanza ni maneno matupu.

Mnamo 2013 niliitwa Unguja kwa semina ya siku moja juu ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Wahenga walisema elimu ni bahari. Sisi wa Pemba tunaijua bahari hiyo kwa mawimbi yake. Ilikuwa miaka miwili tu tangu meli ya Spice Islander ilipozama, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kuja kwetu, na hapakuwa na kijiji ambacho hakikulia. Nilipanda meli Mkoani nikisoma dua mpaka Malindi. Semina yenyewe ilikuwa nzuri. Tulifundishwa kwa mwanasesere wa mpira: mkaushe mtoto, msugue mgongo, na kama hapumui, usingoje. Mlaze kichwa kikae kama anayenusa ua, funika mdomo na pua kwa kifuniko cha mfuko wa hewa kisivuje, minya, utazame kifua kinapanda. Yote haya ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa, dakika ambayo wakufunzi huiita ya dhahabu. Jioni nilipewa cheti. Nilirudi nacho nikakiweka kwenye faili la leseni yangu, na leseni ikahuishwa. Nilikuwa, kwa mujibu wa karatasi, mjuzi.

Ikapita miezi minane. Katika kituo kidogo kama kile nilichokuwa nikifanya kazi, ambacho sitakitaja, watoto wanaozaliwa kimya si wengi. Katika kila watoto 100, kiasi cha 10 huhitaji kuamshwa kwa namna fulani, na wachache zaidi ndio wanaohitaji kupulizwa hewa. Basi miezi minane yote ile sikuushika ule mfuko hata mara moja. Ulikuwa kabatini, umefungwa kwenye plastiki yake, na mwanasesere hatukuwa naye.

Usiku mmoja alikuja mama mdogo, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulikuwa mrefu. Mtoto alitoka mzima wa viungo, wa kiume, lakini hakulia. Nilijua kwamba hakulia. Nilijua pia kwamba kuna jambo nililofundishwa. Lakini mikono yangu, ndugu msomaji, haikwenda Unguja kwenye semina. Ilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wangu wa 1989. Nilimning'iniza mtoto kichwa chini, nikampiga nyayo. Nikampiga tena. Ile dakika ikaondoka. Nilipoukumbuka mfuko, nilihangaika kuuchana kutoka kwenye plastiki. Nilipoubana usoni, niliusikia upepo ukitoka kando ya shavu, na sikuielewa ile sauti. Nikaminya kwa nguvu zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa nguvu. Kifua hakikupanda. Mapigo ya moyo yalikuwapo nilipoanza, baadaye hayakuwapo.

Bibi yake mtoto alisema, "Ni kazi ya Mungu," akanishika bega, akanishukuru. Alinishukuru! Nami niliinamisha kichwa nikaitikia, "Ndiyo, ni kazi ya Mungu." Sisemi leo kwamba mtoto yule angeishi, elimu hiyo anayo Mwenyezi Mungu peke yake. Nasema kwamba nilikuwa na cheti cha kumsaidia na sikumsaidia.

Sikumweleza mtu kwa muda mrefu. Kisha akaletwa kituoni kwetu muuguzi kijana, wa umri wa kuwa binti yangu. Siku moja aliniona nikifuta vumbi kwenye ule mfuko wa hewa, akaniuliza: "Mama, huwa mnafanya mazoezi?" Nikamwambia kwamba nimesoma semina, cheti ninacho. Hakunijibu kwa dharau, maana ni mtoto aliyelelewa. Alisema tu: "Mimi nami ninacho, Mama, lakini mikono yangu husahau." Maneno hayo yalinifungua kifua, nikamsimulia yote. Akaazima mwanasesere, na tangu wiki ile kila Jumatatu asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia, tulikuwa tukifanya zoezi la dakika tano. Mmoja anaminya, mwenzake anatazama kifua. Mara ya kwanza hewa ilivuja kando ya shavu, sauti ileile. Yule binti akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akausogeza kidole kimoja tu chini ya taya, na kifua cha mpira kikapanda. Niliomba nitoke nje kidogo.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba yaliyonipata mimi yaliwapata wengine, na yakapimwa. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wauguzi na wakunga walipewa mafunzo ya aina hiyohiyo ya siku moja mnamo 2010. Baada ya miezi saba walipimwa. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri kuliko awali. Mbele ya mtoto wa kweli, katika chumba cha uzazi, hapakuwa na mabadiliko. Hapo hawakukata tamaa wala hawakuongeza semina kubwa zaidi. Kuanzia 2011 walileta mazoezi mafupi palepale kazini: dakika chache tu kila wiki, na zoezi refu kidogo kila mwezi. Watoto waliokuwa wakifariki ndani ya saa 24 za kwanza walipungua kutoka takriban 11 hadi 7 katika kila 1,000. Semina ya siku nzima haikuyaokoa maisha yale. Dakika chache za kila wiki ziliyaokoa.

Basi sasa naweza kumjibu mzee wangu. Ndiyo, baba, skuli haiishi, wala haipasi kuisha. Anayekuambia kwamba amemaliza kusoma udaktari au uuguzi, mwogope. Leseni kuwa na mwisho ni haki yako wewe mgonjwa, si adhabu yangu mimi muuguzi. Lakini ulikuwa na haki pia ya kununa pale bencheni, kwa sababu kusoma kunakoufunga mlango wa kituo, kukamvusha muuguzi bahari na kumrudisha na karatasi tu, kunakugharimu wewe asubuhi yako na pengine kunakugharimu zaidi bila wewe kujua.

Kwa hiyo, kwa wale wanaoshika kalamu ya kuhuisha leseni, ombi langu ni hili. Msipunguze masharti. Ila msihesabu vyeti peke yake. Ihesabuni pia Jumatatu ya dakika tano. Hesabuni daftari linaloonyesha nani alifanya zoezi, lini, na alikosea wapi. Kila kituo kinachozalisha akina mama kipate mwanasesere wake, ili elimu nayo ivuke bahari ije kwetu, badala ya sisi kuivukia kila siku. Semina ibaki kwa mambo mapya, kama ilivyokuwa dawa mseto 2003, kwani jambo jipya hulijui mpaka uambiwe. Lakini jambo la mikono haliwezi kukaa kwenye faili.

Na kwa wewe msomaji, mama au baba wa nyumba, lipo lako pia. Ukikuta muuguzi hayupo amekwenda kusoma, usimlaani, mngoje, na akirudi mwulize kwa adabu: "Umetuletea nini kipya?" Mwenye kujua atafurahi kukueleza. Ukimkuta asubuhi anamminyia hewa mtoto wa mpira, usidhani anacheza ilhali wewe unaumwa. Hizo dakika tano huenda ni za mjukuu wako. Na nyumbani kwako, kama unayo dawa kabatini uliyoiamini miaka kumi iliyopita, ipeleke kituoni uulizie kama bado inaaminika.

Kabla sijaandika haya nilikwenda kwa yule mama. Sasa ana watoto wengine watatu, na tumekuwa tukiamkiana njiani miaka yote hii. Nilikaa kwenye mkeka wake, nikamwambia kwamba usiku ule nilikosea, na nikamweleza nilikosea nini. Nilimwambia pia kwamba nataka kuandika, akikataa sitaandika. Alinyamaza muda mrefu, akichambua mchele kwenye ungo, mpaka nikadhani hatasema neno. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Na waliopo pale sasa, wanajua?"

Nikamwambia wanajua. Kila Jumatatu wanajikumbusha.

"Basi andika," akasema, akarudi kwenye mchele wake.